Si lazima chuma kikushinde
Huyo mwalimu wa mazoezi mlomuhoji anasema seti yoyote, yaani kunyanyua chuma mara kadhaa mfululizo kabla ya kupumzika, usiponyanyua mpaka chuma kikushinde basi hujafanya kitu, mie hapo sikubali. Msuli unakua hata ukiacha huku umebakisha nguvu za kunyanyua mara moja au mbili, na nguvu ndo kabisa, yataka uzito mkubwa na kupumzika vizuri baina ya seti sio kujimaliza kila siku. Ila chuma kikiwa chepesi, kama hivi vyetu vya makopo ya saruji hapa Wete, Pemba, hapo kweli lazima ukaribie kushindwa. Na jamani benchi, ile ya kulala chali ukasukuma chuma juu ya kifua, msilale peke yenu, kijana wa mtaani kwetu chuma kilimbana kifuani tukakimbilia kumtoa, wallahi nlitetemeka.