Kwani alikuwa ndugu yako?

Kila mwimbaji mkubwa akifariki, swali hili hurudi: "Kwani alikuwa ndugu yako?" Anayeulizwa huwa ameinamia simu yake, macho yamemwiva, anasikiliza wimbo alioupenda tangu akiwa msichana. Mara nyingi hukosa la kujibu. Anajifuta machozi, anazima wimbo, anajifanya alikuwa na mafua. Mimi swali hilo naliona la kikatili, na leo nataka kuwatetea wanaoulizwa.

Mwimbaji wa Marekani Whitney Houston alifariki hotelini Beverly Hills, California, Jumamosi tarehe 11 Februari 2012, alasiri ya huko. Huku Mwanza ilikuwa inaelekea saa tisa usiku wa kuamkia Jumapili, kwa hiyo habari ilitukuta asubuhi watu wameshavaa nguo za kanisani. Pale Kirumba, karibu na kituo cha daladala, kulikuwa na mama mmoja muuza chai na chapati, redio yake ndogo ikiwa juu ya kopo la unga. Redio ilikuwa inampiga Whitney. Yule mama aligeuza chapati huku machozi yanamtoka. Hakuacha kazi, maana wateja walikuwa wamekaa kwenye benchi wanasubiri, ila kila akitoa chapati kwenye kikaango alijifuta kwa pindo la kanga. Kijana mmoja wa bodaboda akamuuliza, tena bila ubaya, "Mama, kwani alikuwa ndugu yako?"

"Mwanangu," akasema, "huyu ndiye aliyemwingiza binti yangu ukumbini."

Kijana akalipa chapati yake akaondoka. Sijui kama alielewa. Mimi nilielewa, na nadhani kila aliyehudhuria harusi za mji huu miaka ile angeelewa.

Kamati imekaa vikao miezi mingi, kadi za michango zimezungushwa, sare zimeshonwa. Matarumbeta yamepanda nyuma ya pikapu yamezunguka mji mzima, msafara umepita Capri Point maharusi wapigwe picha ziwa likiwa nyuma yao. Sasa ni usiku, ukumbi umejaa, watoto wanakimbizana katikati ya meza. MC anasema tusimame. Taa zinapunguzwa, DJ anaweka "I Will Always Love You", ule wimbo wa The Bodyguard, filamu ya mwaka 1992 ambayo Whitney aliigiza na Kevin Costner. Mnaujua. Unaanza na sauti yake peke yake: hakuna gitaa, hakuna kinanda, hakuna ngoma. Mwanamke mmoja anaimba ndani ya ukumbi wa watu mia kadhaa, na hata watoto wanasimama. Bibi harusi anatembea kwa hatua fupi fupi kwa sababu ya shela na kwa sababu ya woga. Vyombo vinaingia taratibu. Kuelekea mwisho muziki unakatika kabisa, kimya kidogo, ngoma inapigwa mara moja tu, kwa nguvu, na sauti inapanda juu kuliko ilipokuwa. Hapo ndipo mashangazi na mama wadogo walipokuwa wakiachia vigelegele. Walikuwa wanaisubiri ile ngoma. Hakuna aliyewafundisha, na DJ aliyethubutu kuukata wimbo kabla ya pale alizomewa.

Huko Marekani wimbo ule ulikaa namba moja kwa wiki 14. Aliyeutunga ni Dolly Parton, aliyeutoa mwaka 1974 kumuaga mwenzake wa kazi waliyeimba pamoja kwa miaka. Lakini hesabu ya wiki 14 haikujumuisha kanda zilizonakiliwa mjini kwetu na kuchezwa mpaka utepe ukakwaruzika. Kumbukeni Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994. Watu wengi hapa walimjua Whitney kwa sikio muda mrefu kabla ya kumwona akitembea na kuongea kwenye kioo. Sura yake ilikuwa ile ya kwenye kava la kanda, basi. Walichokuwa nacho ni sauti, na sauti hiyo ilikaa nao sebuleni, saluni, kwenye basi la usiku, na siku ile kubwa kuliko zote katika maisha ya binti yao.

Sasa mniambie mshenga ni ndugu wa nani? Si wa damu ya huku wala ya kule. Lakini mshenga akifa, nyumba aliyoiunganisha inakwenda msibani, inakaa mkekani, inatoa rambirambi, na hakuna anayemuuliza mtu kwani alikuwa ndugu yako. Yule mama wa Kirumba alimlilia Whitney kwa haki hiyo hiyo.

Kuna kingine ambacho watu wa Mwanza walikisikia kwenye sauti ile hata kabla ya kusoma habari zake. Ni sauti ya kwaya. Whitney alilelewa katika kanisa la New Hope Baptist mjini Newark, ambako mama yake, Cissy Houston, aliongoza uimbaji, na yeye mwenyewe aliimba pale peke yake mbele ya waumini akiwa bado mtoto. Mji wetu ni mji wa kwaya. Huwezi kupita Jumamosi alasiri Makongoro, Nyakato au Pasiansi bila kusikia mazoezi: sauti ya kwanza inarudishwa, ya tatu inaambiwa ipunguze. Mtu aliyekulia kwenye mabenchi hayo anamtambua mwenzake. Anajua ile namna ya kuivuta silabi moja mpaka izae nyingine haifundishwi studio. Kwa hiyo siku ile tulipokwenda ibadani tukiwa na habari hii kichwani, wengi wetu tulikuwa tumepotewa na mwanakwaya mwenzetu.

Najua kuna wanaosema: mbona wavuvi wanazama ziwani kila mwaka na hamwalilii hivyo? Hoja hii imenichosha, hasa ikisemwa na watu wa hapa. Hakuna wa kutufundisha sisi msiba. Tulikuwepo tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipozama ikiwa imekaribia kabisa Mwanza, na makaburi ya Igoma yapo, tunapita pale. Tulikuwepo tena Septemba 2018, MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara na watu zaidi ya 200 wakapotea. Mama anayemlilia mwimbaji leo ndiye aliyekwenda kutandika mkeka kwa jirani aliyefiwa na mvuvi juzi. Moyo wake unafanya kazi zote mbili na haujawahi kulalamika. Wanaolalamika ni wale wasioonekana msibani popote.

Kinachoniumiza mimi ni kitu kingine, na hapa nawasema wasikilizaji wenzangu. Ni haraka yetu ya kutaka kujua alikufaje.

Jumapili ile ile, kabla ya saa sita mchana, watu walikuwa wameshamaliza kesi. Ni dawa za kulevya. Hapana, ameuawa. Hapana, ni mumewe wa zamani. Kwenye Facebook na kwenye ujumbe wa simu kila mtu alikuwa daktari na polisi. Taarifa ya wachunguzi wa vifo wa Los Angeles ilitolewa tarehe 22 Machi: alizama ndani ya bafu, na ugonjwa wa moyo pamoja na matumizi ya kokeini vilichangia. Hesabuni kutoka tarehe 11 Februari. Ni siku arobaini. Wataalamu wenye mwili mbele yao na maabara nyuma yao walitoa jibu siku ya arobaini, sisi tulio ng'ambo ya bahari tulitoa la kwetu hata uji haujapoa.

Na msiniambie kwamba ilikuwa siri iliyohitaji kufichuliwa. Whitney mwenyewe alishazungumzia matumizi yake ya dawa kwenye televisheni mwaka 2002, akazungumza tena kwa kirefu mwaka 2009 mbele ya Oprah Winfrey. Sisemi jambo hilo lifunikwe. Vijana wetu wanaharibika kwa unga humu mitaani na hadithi ya Whitney wanapaswa kuisikia yote, pamoja na ile ya binti yake, Bobbi Kristina, aliyekutwa naye ndani ya maji ya bafu mwanzoni mwa mwaka 2015 akafariki Julai mwaka huo huo. Mzazi akae na mwanawe amweleze. Lakini sisi tuna utaratibu wetu wa mambo haya, tena mzuri, na sielewi kwa nini tunausahau marehemu akiwa maarufu. Makaburini, baada ya kuzika, anasimama mzee wa familia na kutangaza: kama kuna anayemdai marehemu, au anayedaiwa naye, aonane na familia. Deni linatambuliwa. Halifichwi. Linatajwa likiwa na mahali pake na watu wake wa kulisikiliza, na hakuna anayelidai kwa kupiga kelele jeneza likiwa bado mabegani. Kwa waimbaji tunaanza na madeni, kisha tukikumbuka ndiyo tunazika.

Wenyewe wa huko nao hawakutoa mfano mwema, niseme ukweli. Usiku ule ule, katika hoteli ile ile, karamu ya watu wa muziki ya kuelekea tuzo za Grammy iliendelea chini huku mwili wake ukiwa bado chumbani juu. Nilipoisoma habari hiyo nilishindwa kula. Siku chache baadaye bei ya albamu yake moja ilikutwa imepandishwa kwenye duka la mtandaoni la Uingereza saa chache tu baada ya kifo. Sony, kampuni iliyouza muziki wake, wakaomba radhi wakasema ni makosa ya mfanyakazi. Kisha gazeti moja la udaku la Marekani likachapa ukurasa wa mbele picha ya mwili wake ndani ya jeneza. Picha ile ilitufikia mpaka huku. Nilitumiwa na mtu ninayemheshimu, mtu wa ibada, ambaye asingekubali hata dakika moja mtu aingie na kamera kwenye chumba alimolala mama yake. Nikamwambia sitaki, na nikamwambia kwa nini. Tulikaa muda bila kuongea.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya kwetu. Mchanaji wetu Albert Mangwair, yaani Ngwair, alifariki Afrika Kusini mwezi Mei 2013, na kabla mwili wake haujarudi nchini kila kijiwe kilikuwa na maelezo yake ya kilichomuua. Halafu wale wale walioeneza maneno ndio waliolia siku anazikwa Morogoro. Nilijiuliza ni wangapi kati yao waliokaa siku ile wakasikiliza wimbo wake mmoja tangu mwanzo mpaka mwisho. Ngwair alikuwa na namna ya kucheza na mstari ambayo vijana wanaochana leo hapa Mwanza wameila bila kujua chungu kilitoka wapi. Kifo chake kilikuwa mada ya wiki nzima, kisha ikapita.

Watangazaji wa redio nao wana sehemu yao. Mwimbaji akifa mnapiga nusu ya wimbo, mnaingia kati, mnasoma meseji za wasikilizaji, mnaweka tangazo la mabati, mnarudi na mgeni wa kuchambua maisha yake ya ndoa. Ndugu zangu, siku hiyo msikilizaji hahitaji uchambuzi. Wekeni nyimbo zimalizike. Tajeni aliyetunga, aliyepiga kinanda, mwaka. Na msirudie wimbo mmoja kutwa nzima kana kwamba marehemu aliishi dakika nne.

Kwa Whitney hasa, wengi hapa tunaujua ule wa harusi na labda miwili mitatu ya kuchezea disko. Mwaka 1996 aliigiza filamu ya The Preacher's Wife akiwa mke wa mchungaji, na albamu ya nyimbo za filamu hiyo ni ya injili kwa sehemu kubwa, tena kwa mauzo ndiyo inayotajwa kuwa albamu ya injili iliyouzwa kuliko zote. Humo anaimba na Georgia Mass Choir, kwaya ya watu wengi, na hawampishi: wanamjibu, wanamkimbiza, naye anawarudia. Walimu wa kwaya wa Mwanza mnaosoma hapa, ichezeni Jumamosi moja kabla ya mazoezi, sauti zote nne zikiwa zimekaa, simu zimezimwa. Waambieni sauti ya kwanza wamfuate Whitney, wengine wafuate kwaya.