Mwacheni Kenya Aitwe Kenya

Kuna klipu imezungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp mpaka imechosha. Dada mmoja Mmarekani ametua Nairobi, anaulizwa jina, anajibu "Kenya", na waliomzunguka wanaangua kicheko mpaka kamera inatikisika. Kwenye grupu letu nako mafundi wa utani wakajipanga, kwani dada yake ni Uganda? Kaka yake anaitwa Busia? Sawa, ya Busia ilinishika kidogo. Lakini nikaangalia ni akina nani hasa wanacheka, nikapandwa na mori, maana wa kwanza anaitwa Sharon na wa pili Florence.

Sharon, mpenzi, wewe ni uwanda. Uwanda wa pwani kule Israeli, umo kwenye kitabu cha Isaya pamoja na Karmeli na Lebanoni, fungua usome. Na wewe Florence ni mji wa Italia, ule ambao wenyewe wanauita Firenze. Jina lako limevuma kwa sababu ya yule nesi, Florence Nightingale, aliyezaliwa huko mwaka 1820 wazazi wake Waingereza wakiwa kwenye ziara yao ndefu ya Ulaya. Dada yake mkubwa alizaliwa Naples wakamwita Parthenope, jina la kale la Kigiriki la mji uleule. Yaani hawa wazazi walikuwa wanataja stage kama makanga, tumefika Naples, haya shuka, tumefika Florence, haya shuka, na dunia nzima ikaona ni jina la heshima mpaka bibi zetu wakabatizwa nalo bila mtu kuuliza lolote. Jordan je? Mto. Chelsea ni mtaa wa London. Brooklyn ni New York, na huko nako jina lililetwa na Waholanzi kutoka mji wao wa Breukelen, halafu akina Beckham wakampa mtoto wao mwaka 1999, na leo ukiingia nasari yoyote ya Nairobi ukaita Brooklyn sitashangaa wakigeuka wawili. Na Madina? Sijawahi kusikia mtu akimcheka Madina, na asithubutu.

Kwa hiyo tatizo si mtoto kupewa jina la mahali. Tatizo ni mahali penyewe kuwa petu. Mji wa Italia ni ustaarabu, mtaa wa London ni ustaarabu, lakini mtu akichukua jina la nchi yetu akalivaa kwa fahari maisha yake yote tunamwona kituko, na hapo ndipo mnaponiudhi kabisa.

Kwani mnajua jina hili lilifikaje kule? Lilianza kushika kwa Wamarekani weusi mwishoni mwa miaka ya 1960 na kwenye 1970, uhuru wa 1963 ukiwa bado wa moto na habari za Mau Mau zimeshavuka bahari. Hawa ni watu ambao mababu zao walinyang'anywa majina kwenye mashamba ya utumwa wakabandikwa ya mabwana. Wajukuu wakaamua kuchagua wenyewe. Wengine wakawaita wanao Imani na Nia, Kiswahili kitupu, hasa baada ya sikukuu yao ya Kwanzaa kuanzishwa mwaka 1966. Wengine Kenyatta, tena kama jina la kwanza. Na wengine Kenya, msichana au mvulana haijalishi: Kenya Moore aliyekuwa Miss USA 1993 ni mwanamke, Kenya Barris mtengenezaji wa vipindi vya televisheni ni mwanaume. Hata Meksiko wapo, wao wanaandika Kenia, muulize mwanamuziki Kenia Os.

Maana? Hapo usiziamini orodha za majina ya watoto, zitakuuzia chochote. Mmisionari Krapf aliuona Mlima Kenya akiwa Kitui tarehe 3 Desemba 1849, na alikuwa kwa Wakamba, kwa chifu Kivoi, ambao waliuita Kiinyaa, na wenyewe wanasimulia ni habari ya mbuni, manyoya meusi na meupe kama mawe na theluji ya kule juu. Wakikuyu wana Kirinyaga yao, sitaki ugomvi. Nchi nzima ilikuja kuitwa hivyo 1920 tu. Mlima ukaipa nchi jina, nchi ikampa mtoto, ubaya uko wapi? Na Wakamba haohao wana Mwanzia, aliyezaliwa njiani, kwa hiyo msiniambie mtoto kupewa jina la mahali si mambo yetu.

Haya, nakubali, wapo wazazi kule walilipenda kwa mlio tu na hawawezi kuionyesha Kenya kwenye ramani. Na wewe uionyeshe Sharon basi.

Isitoshe majina haya yana ukaidi wake. Zaire ilifutwa kama jina la nchi mwaka 1997, lakini mwaka 2002 mcheza basketboli Dwyane Wade akampata mtoto akamwita Zaire. Mobutu kaondoka, sarafu imeondoka, Zaire mtoto akabaki, akacheza basketboli kama baba yake.

Kitu kimoja tu sitawatetea nacho hawa ndugu zetu, nacho ni wale wanaoandika Kenyah. Hiyo h ya mwisho inatafuta nini?