Menyu iko kwenye simu, bosi

Naomba kuuliza, na anayejua anijibu kwa adabu: nani aliwaambia wenye baa wa Sinza kwamba sisi wanywaji tunataka nyasi za plastiki?

Baa yetu ya mtaani, ile ya viti vyekundu na mwembe katikati, siku hizi ni launji. Mwembe umezungushiwa taa za bluu mpaka matawini, kunguru wamehama. Viti vimeondolewa, yameletwa makochi mafupi ambayo ukikaa magoti yanasalimiana na kidevu, na kwa kitambi hiki cha kwangu, kuinuka pale ni mpaka upate mfadhili. Bia iliyokuwa 2,000 imekuwa 3,500. Nimeuliza hiyo 1,500 ni ya nini, nikajibiwa, "Mazingira, bosi." Mazingira gani? Choo ni kilekile, na kitasa ni kilekile. Bado unakaa umenyoosha mguu mmoja kuzuia mlango huku unaimba ili watu wajue umo.

Jana nimetoka kazini, foleni ya Shekilango mnaijua, nikasema nipite nipoze koo kabla sijaenda kusikiliza habari za luku. Mlangoni kijana wa miraba minne akanikagua kuanzia viatu. Nikaingiza shati vizuri, nikapita na hadhi yangu yote. Mtumishi wa umma, masijala, sijui mnanielewa?

Nikakaa. Akaja mhudumu, binti mpole, hana kosa lolote yule mtoto.

"Karibu, bosi."

"Ahsante, binti yangu. Niletee menyu."

Akanyoosha kidole mezani. Mezani kuna kibao chenye mraba wa vidoa vyeusi. Nikakigeuza upande wa pili. Kweupe.

"Unaskani, bosi."

Bando langu lilikata roho tangu mchana. Lilimalizwa na video ya msiba kwenye grupu la ukoo, dakika kumi na moja za watu wanashuka kwenye kosta. Nikamwambia sina bando.

"Waifai ipo, bosi."

"Neno la siri?"

"Limeandikwa chini ya risiti."

"Risiti napata lini?"

"Ukishaagiza."

"Naagizaje?"

"Unaskani."

Tukatazamana. Nikamwambia, binti yangu, mimi urasimu naujua, ndiyo kazi inayonilisha. Nimewahi kumrudisha mtu akaandike barua ya kuomba fomu ya kuombea barua. Lakini hili la kwenu hata katibu mkuu angesimama apige saluti.

Jamaa wa meza ya jirani akanionea huruma, akachomoa risiti yake mfukoni anisomee. Sasa spika iko katikati yetu, kubwa, imeelekezwa kwenye sikio langu la kushoto ambalo ndilo zima.

"S!" anapiga kelele.

"F?"

"S! S ya Simba!"

Meza ya nyuma wakageuka wote kwa pamoja. Mzee mmoja mwenye kofia ya kijani akasimama kabisa. "Kwa nini iwe ya Simba? Hakuna S nyingine nchi hii? Sema S ya sukari!" Mwenye risiti akasema yeye hajaleta mpira, anasoma herufi. Wa kofia akasema mnaanzaga hivyohivyo. Mwingine akadakia, hata Y ikifika mtaiona itasomwaje. Nikawaomba jamani, mimi nina njaa. Tukaendelea.

"T! A! R!"

"Kubwa au ndogo?"

"S kubwa, nyingine zote ndogo! Halafu ile alama ya barua pepe!"

Ile alama siioni. Miwani nimeiacha ofisini juu ya faili. Simu ikazunguka meza tatu watu wanaitafuta ile alama, na kila anayeishika anapitia kwanza ujumbe wangu, mpaka dada mmoja nisiyemjua akaniambia, "Baba, mwenye nyumba anasema hii ni mara ya mwisho." Ahsante sana, dada. Baunsa naye akasogea kuangalia kama ni ugomvi. Alipoelezwa akaishika simu, akajaribu mara moja, ikakubali. Watu wakapiga makofi.

Menyu ikafunguka polepole, picha kwanza, maneno baadaye. Yote Kiingereza. Kitimoto imepewa jina refu kiasi kwamba nguruwe mwenyewe angepita asiitike. Nikachagua kwa picha.

"Hiyo kitimoto, rosti, nusu kilo, na ndizi mbili."

"Imeisha, bosi."

"Mbuzi choma."

"Mbuzi unaagiza saa mbili kabla."

"Kabla ya nini?"

"Kabla hujaja."

"Supu?"

"Ya asubuhi tu."

"Mishkaki?"

"Mwenye mishkaki kafiwa."

Nikafumba macho. "Binti, kuna nini?"

"Chipsi kuku."

"Na ulijua tangu naingia kwamba kuna chipsi kuku peke yake?"

"Ndiyo, bosi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Si uliomba menyu?"

Hapo hadhi ikaniishia. Nilisema maneno nisiyoweza kuyarudia hapa kwa sababu wanangu wanasoma. Ukweli binti alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Bia nayo nikaomba ya moto, maana mimi na baridi tulishaachana kwa ushauri wa meno. Akaniambia ya moto hakuna. Hakuna? Bia ya moto inaishaje? Bia inazaliwa ya moto! Iko kwenye kreti pale nyuma ya kaunta, naiona. "Bosi, friji zetu zote zinafanya kazi," akanijibu, kwa fahari kabisa.

Dije tusimwongelee. Vizuri, tumwongelee kidogo. Nimemfuata kistaarabu nikamwomba Msondo. Akaniuliza huyo ni msanii wa wapi. Kijana, hiyo ni bendi, ilianza 1964 ikiitwa NUTA Jazz, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, mpaka ikawa Msondo Ngoma, na watu walikuwa wakinuniana kwa ajili yake na wapinzani wao Sikinde miezi mizima! Akatikisa kichwa kwa heshima, akaongeza sauti ya singeli. Mwaka 2022 NEMC, wale wa baraza la mazingira, walipozifungia baa kwa kelele, mimi nilikuwa upande wa wanywaji. Nilisema waacheni watu wafurahi. Msinikumbushe.

Ikaja bili. Zamani hesabu ilikuwa vizibo: unakunywa, kizibo kinakaa mezani, mwisho mnahesabu pamoja na mhudumu, akizidisha mnaulizana kizibo kiko wapi. Hata mlevi wa mwisho alikuwa na ushahidi. Sasa hesabu imo kwenye tableti, na tableti imesema nimekunywa bia tano. Tatu! Nimekunywa tatu! Meza imefutwa, chupa zimeondolewa, shahidi wangu mwenye risiti keshaondoka. Binti anaitazama tableti, mimi namtazama binti, tableti haimtazami mtu. "Mfumo unasema tano, bosi." Nikalipa tano. Ungefanyaje? Ubishane na mfumo mbele ya baunsa aliyekusaidia kuandika neno la siri?

Chenji hakuna, nikapewa maji ya kunywa. Risiti nikaidai, si wenyewe TRA wanasema ukinunua dai risiti? Mashine haina mtandao. Waifai ile tuliyoitafuta mtaa mzima!

Na mimi sikuwa na makuu, jamani. Nilitaka saa moja. Saa moja tu ya kukaa mahali ambapo hakuna anayeniomba neno la siri, wala namba ya kumbukumbu, wala ya NIDA, wala ya lipa. Kule kwa zamani nilikuwa nakaa, mama wa kaunta ananiona nilivyoingia, chupa inakuja yenyewe, kama sina kitu inaandikwa kwenye daftari na tarehe ya mshahara anaijua kuliko mimi. Hakuwahi kuniita bosi. Aliniita kwa jina la mwanangu mkubwa. Nasikia alihamishia biashara Mbezi baada ya kodi ya fremu kupandishwa, na Mbezi nitafikaje mimi, mwendokasi lenyewe kuingia mpaka ujue ngumi.

Bodaboda kutoka pale hadi kwangu, ambako naona bati la nyumba nikiwa getini, kaniambia 3,000 kwa sababu ni usiku. Saa mbili!

Nimefika nyumbani, mezani kuna kadi ya mchango wa harusi. Mtu mmoja 70,000, wawili 120,000, na mwisho wa kuwasilisha ni Ijumaa. Jina la bibi harusi silijui. Nimemuuliza mama watoto, anasema ni wa upande wangu. Nimempigia kaka, anasema si wa kwetu, niulize kwa shemeji. Shemeji naye keshalipa, akidhani ni mtoto wangu.