Nani Atalipia Paa la Kasri?

Hapa Nakuru wapo watu wasiotaka hata kusikia kwamba kasri la kale linaweza kugeuzwa hoteli ya kifahari. Hoja yao naielewa. Makao ya mfalme, wanasema, ni kumbukumbu ya watu wote, na siku tajiri atakapolipa ili alale chumbani mwa mfalme, kumbukumbu hiyo itakuwa imepigwa mnada. Husikika zaidi mazungumzo yanapofikia kasri la Lord Egerton, mlowezi wa Kiingereza, kule Ngata, njia ya kwenda Njoro. Hoja hiyo ina uzito, ila naona inasahau mvua.

India ndiko hoteli za aina hii zilikoshika mizizi. Baada ya uhuru wa 1947 milki za maharaja, wafalme wa huko, ziliunganishwa na taifa jipya, wakabaki na majumba makubwa na posho kutoka serikalini. Mwaka 1957 Maharaja wa Jaipur aliigeuza Rambagh Palace kuwa hoteli. Kule Udaipur, kasri jeupe lililojengwa katikati ya Ziwa Pichola katika karne ya 18 lilikuwa limechakaa, nalo likafunguliwa kama hoteli mwaka 1963. Kisha mwaka 1971 Bunge la India likafuta posho zile kwa marekebisho ya 26 ya katiba. Familia nyingi zilijikuta na mamia ya vyumba, watumishi wa kulipwa, na kipato kilichokatika ghafla.

Nyumba kubwa ya kale huanza kufa kutokea juu. Kigae kimoja kikihama au mfereji wa paa ukizibwa na majani, maji hupata njia ya kuingia ukutani. Hakuna anayeyaona, kwa sababu chumba cha chini bado ni kikavu na wageni wanaendelea kupiga picha. Ncha za boriti zilizozama ukutani ndizo zinazooza kwanza, halafu dari inaanza kulegea. Mara nyingi fundi wa haraka huitwa, akapiga saruji juu ya plasta ya chokaa, naye kwa nia njema kabisa anaufungia unyevu ndani ya ukuta ambao zamani ulikuwa ukipumua. Kazi ya kuzuia hayo yote ni ndogo na ya kila mwaka: kuzibua mifereji, kubadilisha vigae, kukagua boriti. Ubaya wake ni kwamba haina sherehe. Hakuna kiongozi anayeitwa kukata utepe kwa sababu mfereji wa paa umezibuliwa, na bajeti ya umma ikibanwa, fungu la kazi ya namna hiyo huwa la kwanza kukatwa.

Hoteli haina nafasi ya kuahirisha. Mgeni aliyelipa mamia ya dola kwa usiku mmoja hatavumilia tone moja juu ya kitanda chake. Ataondoka, atadai pesa zake, na atawaambia wenzake. Kwa hiyo mwenye hoteli anazibua mfereji kabla ya masika, hata kama historia ya jengo haimgusi moyoni. Falaknuma Palace ya Hyderabad, nyumba ya kuwapokelea wageni wa Nizam, mtawala wa huko, ilikaa kimya kwa miongo kadhaa baada ya milki yake kumezwa na India mwaka 1948. Ukarabati wake ulichukua takriban miaka 10, na mwaka 2010 ikafunguliwa kama hoteli. Nani mwingine angegharamia kazi ya miaka 10 kwenye jengo ambalo halikuwa na mfalme tena?

Mfano unaoniumiza zaidi uko Zanzibar. Beit el-Ajaib, Nyumba ya Maajabu, ilijengwa na Sultan Barghash mwaka 1883. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zililipiga mizinga eneo la makasri ya Sultani kwa muda usiofika saa nzima, majengo jirani yakaharibiwa vibaya, Beit el-Ajaib ikabaki imesimama. Baadaye ikawa makumbusho, mali ya umma, ndani ya Mji Mkongwe ambao UNESCO iliuandikisha kuwa urithi wa dunia mwaka 2000. Mwaka 2012 sehemu yake ilianguka. Siku ya Krismasi 2020, wakati wa ukarabati, upande mkubwa wa mbele ukaporomoka na watu 2 wakafa. Sidai kwamba ingekuwa hoteli ingepona. Ninachosema ni kwamba jina la mali ya umma peke yake halikuilinda, na wanaopinga hoteli kwa jina la umma hawana budi kulijibu hilo.

Wanaopinga wana mifano yao pia. Kasri la Mysuru kule India, lililokamilika mwaka 1912, linasimamiwa na serikali ya jimbo la Karnataka na hupokea mamilioni ya watu kwa mwaka kwa kiingilio kidogo. Huko mtoto wa mkulima anapita ukumbi uleule aliopita maharaja. Na Lord Egerton mwenyewe alipofariki mwaka 1958, jumba la ukoo wake la Tatton Park kule Uingereza lilikwenda kwa National Trust, shirika la hifadhi, nalo hutembelewa na yeyote mwenye tiketi. Mbona ya huko yawe ya wote na ya huku yawe ya wenye dola? Mtu anayefanya kazi katika shamba la maua Naivasha angemaliza zaidi ya mshahara wa mwezi mzima kwa kulala usiku mmoja katika hoteli ya aina ile.

Isitoshe, ardhi yetu ina jeraha. Mkataba wa 1904 uliwaondoa Wamaasai katika Bonde la Ufa, sehemu hizi za Nakuru zikiwemo, ili walowezi wapate nafasi. Egerton hakuwa mfalme wa mtu yeyote hapa. Alikuwa baroni wa Kiingereza aliyejijengea kasri la vyumba 52 kati ya 1938 na 1954, akakaa humo miaka michache tu. Hoteli itakayowauzia wageni ndoto ya maisha ya walowezi, na kuwanyamazia waliohamishwa, itakuwa inatudhulumu mara ya pili. Hapo niko pamoja na wapinzani bila masharti.

Pia kuna mahali ambapo kitanda cha mgeni hakifai kabisa. Kasubi, kule Kampala, lilikuwa kasri la Kabaka Mutesa I kabla ya kuwa kaburi lake mwaka 1884, na wafalme waliomfuata wamelala hapo. Vivyo hivyo makaburi ya wafalme wa Wanga kule Matungu, magharibi mwa Kenya. Hayo ni ya wafu na ya jamaa zao.

Lakini kasri la Ngata si kaburi. Linamilikiwa na Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoanza mwaka 1939 kama shule ya kilimo kwenye ardhi aliyoitoa Egerton, na tayari linaingiza fedha kwa watalii na harusi. Kazi ya chuo ni kufundisha. Kila shilingi inayokwenda kwenye vigae inatafutwa pia na maabara na mabweni, na sijui ni mhadhiri gani angepiga kura upande wa vigae.

Ndiyo maana navutiwa na kasri la Jodhpur, kule India. Umaid Bhawan ilijengwa kuanzia 1929 hadi 1943, na maelfu ya watu walipata kazi hapo wakati ukame ulipowanyima mavuno. Leo nyumba hiyo ya vyumba 347 imegawanywa: sehemu ni makazi ya familia ya maharaja, sehemu ni hoteli, na sehemu ni makumbusho ambayo mtu wa kawaida huingia kwa tiketi. Mgeni anayelala ndiye anayebeba mzigo mkubwa wa paa, na mwanafunzi anayekuja na chakula chake anapita chini ya paa hilohilo.

Ngata ingeweza kufuata njia hiyo. Ghorofa ya chini na bustani zibaki wazi mchana kwa wote, na wanafunzi wa shule za umma waingie bure. Vyumba vya juu vikodishwe kwa miaka yenye kikomo, umiliki ukibaki kwa chuo. Historia ya waliohamishwa isimuliwe ukutani, na iandikwe na Wamaasai wenyewe. Vijana wa Njoro wapewe kazi kwanza, za umeneja zikiwemo. Na kila mwaka kabla ya masika mhandisi asiyelipwa na hoteli apande juu, akague paa, na taarifa yake ichapishwe. Mwekezaji asiyekubali kipengele hicho cha mwisho asipewe funguo.