OxeAxeExu: ngoma ya Bahia na hesabu ya singeli

Katika albamu ya OxeAxeExu ya bendi ya BaianaSystem kutoka Salvador, Brazili, kuna wimbo wenye jina la Kiswahili: Nauliza. Ndani yake wamo Makaveli na Jay Mitta, watu wa singeli kutoka Dar es Salaam. Albamu ilitoka mwaka 2021 kwa awamu tatu, mwaka ambao kanivali ya Salvador haikufanyika kwa sababu ya UVIKO-19. Kwangu mimi huu ndio mfano bora wa kuunganisha ngoma za kanivali na kompyuta, na maprodyuza wetu wangeusikiliza kwa makini.

Kwanza, hesabu. Samba-reggae, mdundo wa vikundi vya ngoma vya Bahia (jimbo ambalo mji wake mkuu ni Salvador) kama Olodum, hutembea kwenye mapigo 90 hadi 100 hivi kwa dakika. Singeli huanzia 180 au 200 na kupanda. Ukizidisha 95 mara mbili unapata 190. Midundo hii miwili inaweza kukaa nyumba moja bila mmoja kumsukuma mwenzake: bega linafuata ngoma kubwa, miguu inafuata singeli. Wanaokosea huchukua rekodi ya ngoma ya 95 wakaivuta hadi 128 ili iingie kwenye biti ya klabu. Mlio wa ngozi unakatika mkia, na ngoma inasikika kama debe.

Kosa la pili ni kunyoosha. Repique ya Bahia, ngoma ndogo yenye mlio wa juu, hupigwa kwa fimbo mbili nyembamba zinazopinda, na kila pigo moja likigawanywa mara nne, vipande hivyo vinne havilingani: kimoja huwahi kidogo, kingine huchelewa. Hapo ndipo kiuno kinapopata kazi. Ukiipanga kwenye gridi, mistari ya kompyuta inayogawa muda sawasawa, kwa asilimia 100, umeua ngoma. Iache ngoma ilivyopigwa, kisha usogeze sauti za kompyuta ziifuate. Kazi ni ndefu zaidi, lakini njia ya mkato sijaiona.

Tatu ni besi, na hapa ndipo miksi nyingi huharibika. Surdo, ngoma kubwa ya chini, hulia kwenye hezi (mitetemo kwa sekunde) 50 hadi 80, palepale inapokaa besi ya kompyuta. Vyote viwili vikipiga kwa pamoja, spika inatoa ukungu. Chagua mmoja awe chini. Surdo ikibaki na hezi 60, ikate besi chini ya 80, au ifanye ishuke kila surdo inapopiga na irudi kabla ya pigo linalofuata. Rekebisha pia ngozi ya surdo ilingane na ufunguo wa wimbo. Tofauti ya nusu sauti tu inatosha kuifanya besi isikike kama imechacha. Na kwa kuwa wengi husikiliza kwa simu, ambayo sauti hizo za chini haizitoi kabisa, ikwaruze besi kidogo (distortion) ili iwe na sauti za juu zinazosikika.

BaianaSystem wanalijua hili kwa sababu limo katika jina lao: gitaa la Kibahia, dogo, linalofungwa nyuzi kwa mpango wa mandolini, pamoja na mfumo wa spika wa Kijamaika. Gitaa hilo lina asili katika majaribio ya Dodô na Osmar, wanamuziki wa Salvador, ambao mwaka 1950 waliweka vyombo vya umeme juu ya Ford ya 1929 wakaingia nayo mitaani wakati wa kanivali. Kwa hiyo umeme si mgeni kwenye kanivali ya Salvador. Una zaidi ya miaka 70 pale.

Sisi tuna mdundiko na mchiriku. Huo mchiriku uliingiza kinanda kidogo cha Casio kati ya ngoma za mtaani muda mrefu kabla singeli haijavuka bahari. Anayetaka kufanya kazi kama hii aanze kwa kurekodi ngoma zenyewe, kila moja na maikrofoni yake, wapigaji wakicheza pamoja chumba kimoja, bila kuwavalisha masikioni mlio wa kuhesabu mapigo. Kompyuta aiwashe baadaye.