Bei zinapanda Ethiopia: tuilaumu birr?

Tarehe 29 Julai 2024 Ethiopia iliacha thamani ya birr, sarafu yake, ipangwe na soko. Dola iliyokuwa ikiuzwa benki kwa birr 57 hivi ilivuka 100 ndani ya wiki chache, na wengi wakahofu kwamba bei za vitu zingeruka vivyo hivyo. Hazikuruka kiasi hicho. Mfumuko wa bei, uliokuwa wastani wa asilimia 34 hivi mwaka 2022, uliendelea kupungua.

Watetezi wa mageuzi haya wana hoja nzito hapa. Waagizaji wengi walikuwa wameshazoea kununua dola kwa magendo, karibu mara mbili ya bei ya benki, na gharama hiyo ilikuwa tayari kwenye bei ya vipuri na mafuta ya kula dukani. Mchochezi mkubwa wa mfumuko wa bei alikuwa mwingine: kwa miaka mingi serikali ilijenga mabwawa, reli na viwanda vya sukari kwa kasi, ikiziba nakisi ya bajeti kwa kukopa Benki Kuu, yaani kwa kuchapisha pesa. Mishahara na saruji vililipwa leo. Umeme na sukari vikaja baada ya miaka, au havikuja, hivyo pesa zikazidi bidhaa na bei zikapanda. Agosti 2023 Benki Kuu iliweka kikomo cha asilimia 14 kwa ukuaji wa mikopo ya mabenki, ikaanza kuibana hata serikali. Kwangu mimi, hatua hiyo ilisaidia kuliko nyingine yoyote.

Lakini pesa peke yake haielezi bei ya teff, nafaka ya injera, chakula cha kila siku. Teff hailipiwi dola, ila mbolea yake huagizwa nje, na lori linaloisafirisha linatumia dizeli ya nje. Tena Gojjam, mojawapo ya maeneo yanayoilima kwa wingi, iko katika jimbo la Amhara, ambako mapigano yalizuka 2023, miezi michache tu baada ya vita vya jimbo jirani la Tigray kusimama. Barabara ikifungwa, gunia hupanda bei Addis Ababa hata kama Benki Kuu haikuchapisha noti moja.

Wakosoaji wako sahihi pia kuhusu mishahara. Mfumuko kupungua maana yake bei zinapanda polepole zaidi; hazijarudi zilikokuwa. Mei 2025 wahudumu wa afya waligoma wakidai malipo bora, licha ya nyongeza aliyopewa mtumishi wa umma. Benki Kuu iendelee kuibana serikali, lakini serikali isiwaachie watu wa mshahara peke yao gharama ya mageuzi haya.