Maji Yapimwe Bombani, Si Mtamboni Pekee

Kila mara barabara ya mtaa wetu hapa Dar es Salaam inapochimbwa ili kujenga mtaro au kupitisha nyaya, bomba la maji hukatwa, na kinachofuata tumekizoea mno: fundi hulifunga kwa vipande vya mpira wa tyubu, udongo hurudishwa, na mkaguzi haonekani. Maji yanaporejea baada ya siku tatu huwa na rangi ya chai, na mashapo hutuama ndooni.

Sina shaka kwamba maji ya Mto Ruvu husafishwa na kutiwa klorini, dawa ya kuua vijidudu, kabla ya kusukumwa kuja mjini. Kinachoniudhi ni safari yake baada ya hapo. Maji ya mgawo huliacha bomba bila msukumo kwa saa nyingi, na bomba lenye ufa, hasa lile linalopita ndani ya mtaro wa majitaka, hufyonza uchafu ulio nje yake. Shirika la Afya Duniani linataka klorini isiyopungua miligramu 0.2 kwa lita ibaki katika maji yanapomfikia mtumiaji; basi kipimo hicho kichukuliwe bombani kwangu na kwa jirani yangu, hasa siku ya kwanza baada ya bomba kuungwa, na matokeo yabandikwe kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Nilipouliza, ofisi moja ilinielekeza kwa wasimamizi wa barabara, nao wakanirudisha kule kule, huku mama wa nyumba ya pili akiendelea kununua mkaa wa kuchemshia maji ambayo ankara yake amekwisha kuilipa.